Barua ya Wazi kutoka Amu: Tulikataa Makaa, Sasa Tuzungumzie Giza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli, wakuu wa mamlaka ya udhibiti wa kawi, na ninyi nyote mnaoamua ni waya gani uwake na upi uzimwe,

Mimi ni muuza barafu. Nina mashine moja ya kugandisha maji na friza tatu nyuma ya nyumba, hapa Amu, mji ambao ramani zenu zinauita Lamu. Wateja wangu ni wavuvi, pamoja na akina mama wanaonunua nguru na changu gatini wakawauze Mokowe na Hindi, miji ya bara jirani na kisiwa chetu. Siku stima ikitulia, samaki hufika sokoni macho yao bado yanang'aa. Siku ikiondoka saa moja jioni na kurudi usiku wa manane, mabonge hutoka na kiini cha maji katikati, yanavunjika mkononi, na mvuvi ananitazama kana kwamba ni mimi niliyezima.

Nawaandikia kwa sababu ya swali moja ambalo wageni wanaotoka Nairobi hupenda kutuuliza, wengine kwa utani, wengine kwa kero: "Nyinyi si ndio mliokataa makaa?" Ndiyo, ni sisi. Na kwa kuwa swali lenyewe halichoki kurudi, naona ni heri nilijibu mara moja, hadharani, kisha nami niulize la kwangu.

Kwa asiyekumbuka, mwaka 2014 kampuni ya Amu Power ilipewa zabuni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, bara, kilomita kama 20 kutoka mji wetu wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Makaa yenyewe hatuna. Yangeletwa kwa meli, kwanza kutoka Afrika Kusini. Watu wa Amu waliandamana, wakaenda mahakamani, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni ya mradi. Mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitautia mkono mradi huo, na baadaye benki ya China iliyotarajiwa kutoa mkopo nayo ikajitoa.

Wengi wanadhani tulikataa kwa ajili ya kasa na mikoko. Mikoko ilikuwamo, na kasa pia, na mapafu ya watoto wa Hindi. Lakini kulikuwa na hesabu ambayo hata mtu asiyejali kasa angeweza kuifanya. Mwaka ule wa 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima, saa ile ya jioni kila mtu anapowasha kila kitu, hayakufika megawati 2,000. Kituo kimoja kilitaka kubeba zaidi ya nusu ya nchi. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, na ulikuwa wa lipa, uchukue usichukue. Wachambuzi wa IEEFA, taasisi inayochunguza uchumi wa kawi, walikadiria kuwa tungelipa angalau dola milioni 360 kila mwaka kwa kituo kuwa tayari tu, hata kisipozalisha uniti moja.

Ingekuwa kwenye tokeni yangu hiyo. Ingekuwa kwenye yenu pia.

Kwa hiyo tulipoambiwa tukikataa makaa tutakaa gizani, tulikataa. Na gizani tumekaa, sibishi. Ila nataka tulifuate giza hilo tuone linakotoka, maana si kwenye makaa yaliyokosekana.

Jumanne tarehe 11 Januari 2022 nchi ilizimika kwa sababu minara ya laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka. Watu walikuwa wameifungua vyuma. Siku chache baadaye serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Mnara mmoja una vyuma vya kutosha kumshawishi mwizi, na hauna mlinzi.

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilizimika tena, safari hii kwa muda mrefu kiasi kwamba uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani na abiria wakaketi sakafuni wakimulikana kwa simu. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa ghafla kwa umeme wa upepo kutoka vinu vya Ziwa Turkana, huko Loiyangalani. Wenye vinu vya upepo wakajibu kwamba vinu vyao vilijizima kujikinga na hitilafu ya gridi. Mimi si mhandisi, siwezi kuamua kati yao. Nilichokumbuka ni kwamba siku kumi baadaye marais wa Afrika walikutana Nairobi kuzungumzia tabianchi, na sisi tukawa wenyeji tunaojisifu, kwa haki kabisa, kwamba umeme wetu karibu wote ni safi. Ulikuwa safi. Ila haukuwapo.

Halafu Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro asubuhi. Laini ya kilovolti 220 inayoleta upepo kutoka Loiyangalani ilikatika katika kituo cha kupokelea umeme cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara ikafuata laini ya kutoka Ethiopia, nayo inaingia Suswa hapo hapo, ikiwa na megawati 200. Jumla 488 zikapotea, na sehemu kubwa ya nchi ikazima.

Hapa naomba mtulie nami kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu la lile swali la makaa. Kupotea kwa megawati 488 kuliiangusha gridi mwaka 2024. Kile kituo cha Kwasasi kilipangwa kuwa na mashine tatu, kila moja megawati 350, mwisho wa laini, ufukweni, mbali na kila kitu. Mashine moja ikikohoa, megawati 350 zimetoka. Zikitoka mbili, tumeshapita yale yaliyotuzima Septemba. Mlituuzia makaa kwa jina la uhakika. Uhakika gani wa kutundika nusu ya nchi kwenye msumari mmoja?

Na msumari huo mmoja ndio tatizo lenu hata bila makaa. Suswa ni mahali ambapo upepo wa kaskazini, umeme wa Ethiopia na umeme wa mvuke wa ardhi wa Olkaria vinakutana kabla ya kutawanyika. Sisi wa Amu tunaishi mwisho wa uzi uleule. Umeme wetu unatoka Rabai, karibu na Mombasa, unapitia Malindi, Garsen, ndipo ufike kwetu, kwa laini moja ya kilovolti 220. Ikikatika popote katika njia hiyo, hatuna mlango wa nyuma. Miaka ya jenereta za dizeli tulikuwa na kelele na moshi, lakini tulijua fundi yuko wapi. Unaweza kumfuata nyumbani kwake. Leo giza letu linaweza kuzaliwa Suswa na fundi wetu akalisikia redioni kama mimi.

Sisemi turudi kwenye jenereta. Nasema kwamba mnapoandika mipango yenu ya umeme nafuu, yenye kurasa na majedwali, mnaorodhesha vituo vya kuzalisha kwa majina, na nyaya zinakuja mwisho kama mkia. Tunajua matokeo yake. Vinu vya Turkana, 365 kwa idadi na megawati 310 kwa jumla, vilikamilika mwaka 2017. Laini ya kuvichukua, kilomita 428, ilikuwa haijamalizwa, kampuni ya Uhispania iliyokuwa ikiijenga ikiwa imefilisika. Umeme ulianza kupita Septemba 2018. Katika muda huo upepo ulivuma bure na walipa kodi wakalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hawakuutumia. Mtu akinunua mashua kabla ya kupata tanga, sisi huku humcheka hadi msimu uishe.

Sasa niwapeleke kwenye saa mbili za siku moja, kwa sababu naamini mzozo wote huu wa uhakika, bei na mazingira unaishi ndani ya saa, wala si ndani ya megawati.

Saa ya kwanza ni jioni. Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya sehemu za nchi huzimwa ili nyingine ziwake. Jua limezama, kwa hiyo paneli za Malindi, zile za megawati 52, hazina la kusema. Watu wamerudi nyumbani. Mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai inawashwa, mafuta mazito yanachomwa, na gharama yake inaingia kwenye mstari wa mafuta katika bili ya kila Mkenya, pamoja na yule aliyezimiwa.

Saa ya pili ni saa nane usiku. Nchi imelala. Viwanda vingi vimefungwa. Huko Olkaria, ambako tumekuwa tukitoa umeme kwenye mvuke wa ardhi tangu mwaka 1981, mvuke unaendelea kupanda. Ardhi haina habari kwamba Nairobi imelala. Na huko Loiyangalani upepo nao una tabia ya kuvuma kwa nguvu zaidi usiku. Kwa hiyo kila usiku kuna mvuke unaoachiwa hewani na kuna vinu vinavyoambiwa vipunguze mwendo, na kwa baadhi ya mikataba tuliyofunga, umeme usiochukuliwa hulipiwa vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki; mvuke ndio kabisa.

Jioni tunazimana na kuchoma mafuta. Usiku tunamwaga umeme ulio safi kuliko wote na ambao tumeshaulipia. Kati ya saa hizo mbili kuna muda mfupi tu, hata usingizi haujakolea. Mtu anayeniambia kwamba Kenya lazima ichague kati ya umeme safi, umeme nafuu na umeme wa uhakika hajakaa macho usiku mmoja mzima.

Mimi nimekaa. Kazi yangu ni ya usiku. Na ndio maana naona jambo ambalo labda halionekani vizuri kutoka ghorofani: bonge la barafu ni umeme wa jana. Nikigandisha maji saa nane usiku, mvuvi anaondoka nalo alfajiri, na saa moja jioni bado linamhifadhia samaki wake bila kunyonya hata wati moja. Ni betri ya mtu maskini. Hailipuki, haiagizwi ng'ambo, na fundi wake ni mimi. Tangi la maji lililoinuliwa juu ya nyumba ni vilevile: ukilijaza usiku, mchana wote maji yanashuka yenyewe. Betri ya bodaboda ya umeme ni vilevile.

Lakini mita yangu ya tokeni haijui saa. Uniti ya saa mbili usiku, ambayo inawagharimu mafuta ya Kipevu, na uniti ya saa tisa usiku, ambayo ingemwagwa, naziuziwa kwa bei moja. Basi nina sababu gani ya kukesha? Nawasha mashine mchana nikiwa macho, na jioni inaendelea kunguruma katika saa ile ile mnayohangaika. Siwafanyii ubaya. Mmenipangia bei inayoniambia saa zote ni sawa.

Na si kwamba hamjui. Desemba 2017 mlivipa viwanda punguzo la nusu bei kwa umeme wa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2023 mkaweka bei ya magari na pikipiki za umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa zisizo na msongamano. Mlango mmeshaufungua. Ila mmeufungulia mwenye kiwanda Athi River na mwenye stesheni ya kuchajia, na mwenye friza tatu Amu mkamwacha barazani. Wauza barafu wa Kizingitini, wa Shimoni, wa Ziwa Victoria na wa Turkana kwenyewe, wenye visima, wenye vyumba vya baridi vya maembe na maziwa: hao wote wakihamia usiku, mtakuwa mmejenga kituo cha umeme bila kuchimba msingi.

Kuhusu bei, nina mengi, lakini nitasema mawili.

La kwanza ni lile la uniti 30. Aprili 2023 mlipunguza kiwango cha bei ya wanyonge kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Nilielewa hoja: wenye nyumba mbili walikuwa wakijificha humo. Lakini friji ndogo peke yake inaweza kula karibu uniti moja kwa siku. Ina maana bei ya mnyonge ni ya mnyonge asiye na friji. Bibi anayeweka insulini yake kwenye friji ameshatoka kwenye hesabu yenu ya wanyonge kabla hajawasha taa. Hapo nadhani mlikosea, na kosa lenyewe linasahihishika kwa sahihi moja.

La pili ni sarafu. Ukiichambua bili utakuta mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Upepo wa Turkana hauagizwi kutoka nje, lakini mkataba wake umeandikwa kwa yuro. Mvuke ni wetu, mikopo ya kuuchimba ni ya wengine. Basi hata siku ambayo hakuna tone la mafuta lililochomwa, muuza barafu wa Amu anabeba mgongoni mwake panda shuka ya shilingi. Bunge liliondoa Novemba 2025 lile zuio la mikataba mipya ya umeme. Sasa mtaanza kutia sahihi tena. Naomba mikataba hiyo ichapishwe kabla ya sahihi, si baada ya kesi. Na pale panapowezekana, malipo yawe kwa shilingi, hasa kwa miradi midogo ya jua ambayo wakopeshaji wa hapa nyumbani wanaweza kuibeba. Tulishaonjeshwa punguzo la asilimia 15 Januari 2022, tukaahidiwa asilimia 15 nyingine. Ya kwanza ilifutika mwaka mmoja baadaye. Ya pili tunaisubiri.

Na kabla hamjaongeza kituo chochote, kumbukeni kwamba zaidi ya moja ya tano ya umeme unaonunuliwa hupotea kabla ya kulipiwa, ama kwenye nyaya zilizochoka na transfoma zilizozidiwa, ama kwa waya za wizi. Nikipoteza moja ya tano ya barafu yangu njiani, sinunui mashine ya pili. Naziba kasha.

Sasa haki iende pande zote. Sisi tunaotetea mazingira nasi tuna ya kujibu, na nisiposema mimi mtasema ninyi.

Upepo unahitaji mwenzake wa kumshika mkono unapotulia. Mwenzake huyo leo, kwa jioni ya Pwani, bado ni Kipevu na Rabai. Mitambo ile inashikilia volteji ya upande wetu. Ikizimwa kesho ili tupate picha nzuri ya lengo la asilimia mia moja ya umeme jadidifu ifikapo mwaka 2030, Mombasa itayumba na Amu italala. Kwa hiyo sitawaomba muizime. Nitawaomba ichome saa chache kila mwaka kuliko uliopita, na hesabu ya saa hizo itangazwe, ili tuone kama tunatembea au tumesimama.

Pia si kila kisicho na moshi ni cha haki. Oktoba 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya ule mradi wa upepo wa Turkana hazikutolewa kwa kufuata sheria. Huko Kinangop mradi wa megawati 60 ulikufa kabisa mwaka 2016 baada ya wakulima kuukataa. Na hapa kwetu, mradi wa upepo wa Baharini wa megawati 90, ambao ungeweza kuwa jibu letu kwa makaa, umekwama miaka na miaka kwenye mizozo ya ardhi. Nasema hili kwa uchungu. Kesi yetu dhidi ya makaa ilishinda kwa sababu wananchi hawakuulizwa. Siwezi basi kugeuka nikasema kwa upepo wasiulizwe. Lakini kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuuliza mbele ya hakimu, na hapo ndipo fedha nyingi za mazingira zimezama nchini hapa.

Uyombo nayo mnaijua. Mlipotaka kujenga kinu cha nyuklia Kilifi, jirani na Watamu na msitu wa Arabuko Sokoke, watu waliandamana mwaka 2024, na baada ya hapo macho yakageukia Siaya. Sina elimu ya kuipinga nyuklia kama nyuklia. Ninachoona ni kwamba kila miaka michache Pwani huletewa kitu kimoja kikubwa sana, kwa fedha za mbali, kikiwa kimeshapangwa, na tunaambiwa tuchague kati yake na giza. Hatujawahi kuletewa kitu cha katikati: betri kubwa pale Malindi, kando ya zile paneli, ya kubeba jua la adhuhuri hadi saa mbili usiku, njia ya pili ya umeme kuja upande huu wa kaskazini ya Pwani, betri nyingine pale Hindi mwisho wa laini, ili Suswa ikianguka hospitali na pampu za maji za Amu zisianguke nayo. Hizo hazina sherehe ya uzinduzi ya kutosha mahema. Ndizo ninazoziomba.

Laini za majirani pia ni jambo jema. Ile ya Ethiopia inaweza kubeba megawati 2,000 na sisi tulianza na 200, kwa senti sita na nusu za dola kwa uniti, bei ambayo mafuta hayaigusi hata kwa mbali. Ile ya Isinya hadi Singida imetuunganisha na Tanzania, ambako bwawa la Julius Nyerere sasa linazalisha. Mvua ikikosa kwao, mvuke wetu uende. Usiku wetu ukifurika, uende kwao badala ya kwenda hewani. Lakini yote yakiingia kwa mlango mmoja, mtakuwa mmenunua majirani wawili na komeo moja.

Lililobaki ni dogo, na halihitaji bajeti. Mnapolazimika kutuzima jioni, tuambieni. Ratiba iwe kwenye simu, mtaa kwa mtaa, kama mnavyotangaza matengenezo. Hakuna aibu kusema umeme hautoshi saa moja jioni. Aibu ni kuniacha nikidhani ni transfoma ya mtaani imekufa, nikapiga simu mpaka salio likaisha, huku mlijua tangu asubuhi. Nikijua, natoa barafu mapema, nafunika friza kwa magunia, na mvuvi hanitazami vile.

Kwa hiyo nawapa mapatano. Niwekeeni mita inayojua saa na bei ya usiku kama mliyowapa wenye pikipiki. Mashine yangu nitaiwasha saa nne usiku na kuizima kwa adhana ya alfajiri. Na saa moja jioni, saa mnayohitaji kila wati iliyoko Pwani, mtakuta mimi nimeshazima, kwa hiari yangu, bila kuzimwa na mtu. Niambieni tu inaanza lini.

Wenu,
Muuza barafu, Amu